Maili Saba na Nusu Kutoka Lango la Msitu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Mkuu wa Karakana, Mnyiramba wa Singida asiyependa maneno mengi, alinipa panga na fimbo ndefu, akaniamuru nitembee mbele ya Landirova kupanda njia ya msituni juu ya Oldeani, nikipima kina cha tope. Nilikuwa na leseni mpya mfukoni na viatu vipya vya ngozi, na nilikasirika sana. Kufikia jioni viatu vilikuwa vimekwisha. Aliniambia kwamba njia nisiyoijua kwa miguu sitaijua kwa magurudumu.

Ninyi mnaobeba watalii siku hizi mnabonyeza kitufe, matairi yote manne yanashika, kisha mnajiita madereva. Sisi tulishuka, tukapiga magoti kwenye tope, tukazungusha kwa mkono kifungio cha kila gurudumu la mbele ili nayo yavute, ndipo tukarudi ndani kuingiza gia ndogo. Udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa ni sabuni. Ukienda kwa pupa gari linalala juu ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, na matairi yanabaki kuzunguka bure. Miaka hiyo ya mwisho ya sabini mpaka wa kaskazini ulikuwa umefungwa na vipuri havipatikani. Springi ikikatika tuliifunga kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe na kuendelea.

Na kila tuliposimama tuliandika. Kitabu cha gari, logbuku, kilikaa chini ya kiti cha dereva pamoja na kalamu. Unaandika mahali, saa, maili zinazosomeka kwenye mita, na sababu ya kusimama. Hata ukishuka kwenda haja, andika. Aliyeruka kituo kimoja aliosha magari wiki nzima. Mimi sikuwahi kuosha gari kwa kosa hilo, na nilijivuna kwelikweli.

Mwaka wangu wa nne Afisa Misitu, kijana msomi na mwenye adabu, alitaka kujua kama njia ya zamani ya walowezi, waliyokokotea magogo, bado inafika upande wa Endulen. Ilikuwa safari ya siku moja, kwenda na kurudi kabla nyati hawajatoka. Tuliondoka lango la msitu alfajiri, ukungu umelala hadi kwenye boneti. Nilikata mianzi, nilijaza mawe kwenye makorongo, nilishuka na kupanda mpaka magoti yakaniuma. Saa nne tukazama kwenye kinamasi, gari likalala juu ya difu.

Aliyetutoa ni Mzee Koinet, mfugaji wa Kimaasai. Alitokea kwenye miti na wanaume wanne, wakakata matawi, wakayatandika chini ya matairi na kusukuma huku wakicheka. Halafu akatupeleka hatua chache tu, na hapo nikaona chemchemi safi na ng'ombe wake wakinywa. Kiangazi, alisema, kila kisima cha bondeni kikikauka, haya ndiyo maji yaliyoulisha ukoo wake tangu baba wa baba yake. Akatupa maziwa kwenye kibuyu. Mimi ni Mwiraqw, nimekulia Kansay, na nyumbani kwetu Mmaasai alitajwa kumtisha mtoto alale. Nilikunywa nikamaliza.

Alipoona nimemaliza akanitazama mimi, si Afisa.

"Dereva, wazee wenu na wazee wetu waliibiana ng'ombe," alisema. "Leo umekunywa maziwa yangu. Maji haya usiyaseme kwa mtu."

"Sitasema, mzee."

Afisa naye akaahidi, tena kwa moyo. Katika taarifa yake aliandika tu kwamba njia haipitiki, na baadaye alihamishwa akiwa hajamwambia mtu habari za maji yale.

Mimi pia sikumwambia mtu. Ila niliporudi kukaa kwenye usukani, kabla ya kuwasha gari, nilitoa kitabu kama nilivyozoea. Niliandika saa. Niliandika: chemchemi, maili saba na nusu kutoka lango, gari limekwama, ng'ombe wengi. Hata sikufikiri. Mkono uliandika kama unavyofunga mlango ukitoka, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Mkuu mpya wa Kituo chetu alipofika alivisoma vitabu vyote vya magari, akitafuta nani anapoteza petroli. Mimi nilikuwa likizo, napanda maharage Kansay. Hakuwa na haja ya kuniuliza. Alimchukua dereva mwingine, akafungua ukurasa wangu, wakaifuata mita. Msitu ule unaweza kumeza tembo ukiwa hatua kumi kutoka kwake, lakini kwa kitabu changu hata kipofu angefika. Niliporudi nilikuta mabomba yamekwisha kupakiwa. Maji yaliteremshwa kwenye nyumba ya wageni ya wakubwa, waya ukazungushwa kwenye chemchemi, na mifugo ikapigwa marufuku. Mkuu alinipigapiga begani mbele ya wenzangu. Dereva anayeandika hivi, alisema, ni hazina. Nilisema asante, Bwana Mkuu. Nikikumbuka asante ile najichukia.

Kiangazi kile Mzee Koinet alipeleka ng'ombe mbali kutafuta maji, na wengi walifia njiani. Alihamia Endulen na waliobaki. Nilimkuta huko miaka miwili baadaye, nilipopeleka dawa hospitali. Alikuwa amekaa nje ya ua wa hospitali, ameshika fimbo yake, amekonda. Alinisalimu kwa salamu zote, watoto, mama, mifugo, mvua. Kisha akasema:

"Vijana wangu walisema ni wewe. Nikawakatalia. Aliyeleta wale watu alikuwa dereva mwingine, nilimwona kwa macho yangu."

"Ndiyo, mzee. Alikuwa mwingine."

Sikusema uongo hata neno moja. Aliniomba niiname, akatema mate kiganjani, akanipaka kwenye paji la uso na kunibariki, mimi na wanangu. Niliipokea baraka ile. Nikapanda gari nikaondoka.

Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, kila mwezi nilipeleka mzigo Endulen. Nilijiambia nitakwenda bomani kwake nimweleze, siku ambayo sina haraka. Siku nyingine nilisema mvua inakuja, siku nyingine nilisema tairi ni bovu. Wenzangu waliniaga kwa ng'ombe mmoja na hotuba ndefu, na kila mzungumzaji alisifu uaminifu wangu. Nilitamani kuwanyamazisha.

Vijana, mnaniuliza jinsi ya kupita tope, nami nawafundisha, kwa sababu hilo nalijua. Waoga wa tope huwa wanafika, maana wanakwenda polepole. Mimi sikuogopa tope, na kwa Mzee Koinet sikufika. Gari nilikuwa nalo, njia niliijua, na boma lake halikuwa mbali na barabara. Juzi mwanawe alikuja mnadani Karatu, akanitafuta kunipa habari za msiba wa baba yake. Alisema hata akiwa mgonjwa kitandani, mtu akinitaja vibaya, mzee alimfukuza nyumbani kwake.