Maji ya Kuogeshea Michungwa

Huku kwetu Matiliku ukiuliza njia ya kwenda kwa Mutindi, utaulizwa: yule anayeogesha miti? Ndiye huyo. Tumemcheka sana, na mimi jirani yake nimecheka kuliko wote.

Michungwa yake kumi na mmoja iko kando ya barabara. Malori ya mchanga yakipita kutoka mtoni, vumbi linatua kwenye majani, na penye vumbi utitiri hustawi: vidudu vyekundu, vidogo mno, vinavyofyonza jani mpaka ligeuke kijivu na kudondoka. Dawa kali ya dukani Mutindi haitaki. Aliipiga mwaka mmoja, ikaua pia wadudu wanaokula utitiri, na msimu uliofuata utitiri ukarudi maradufu. Tangu hapo ni maji, sabuni kidogo na kitambaa, jani kwa jani, hasa upande wa chini unakojificha.

Maji yenyewe anayafuata mtoni na punda. Mto wetu hukauka juu, lakini mchanga huyahifadhi maji ndani. Unachimba, unangoja yajikusanye, unachota kwa kikombe. Zamani yalikuwa karibu. Siku hizi mchanga unaondoka kwa malori, maji yanazidi kwenda chini, na Mutindi anayafuata huko huko shimoni na mgongo wake mbovu.

Na mmoja wa madereva wa malori hayo ni Mbithi, mwanawe wa pekee, aliyesomeshwa na machungwa hayo hayo. Mchungaji akihubiri juu ya subira, sisi humtazama Mutindi.

Mwaka huu miti ilizaa vizuri, kisha jua likakaza na utitiri ukaanza. Isipooshwa upesi, machungwa yangeanguka mabichi. Ijumaa Mutindi alishinda akijaza pipa, akalala na viatu miguuni. Asubuhi alikuta pipa tupu, na Mbithi amekunja suruali, ndoo kando yake, analisugua lori.

"Boss anataka ikuwe safi Monday, mwaitu," alimwambia mama yake, wala hakuona kosa.

Nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi. Hasira zilinipanda mimi, nikatamani kumpiga na hiyo ndoo. Mutindi hakugomba. Hata kugomba kunataka nguvu. Aliketi kwenye kigoda akamwonyesha punda.

"Enda wewe leo. Mimi nimechoka, mwanangu. Nimechoka kabisa."

Mbithi aliondoka akipiga mluzi. Alirudi jua limeinama, matope mpaka kiunoni, mitungi miwili imejaa na miwili mitupu. Mluzi ulikuwa umekwisha.

"Mwaitu, nimechimba mpaka shimo ikanimeza. Maji ilienda wapi?"

Mutindi aliinuka, akachovya kitambaa kwenye mtungi, akakikamua polepole.

"Si mnaibeba na lori," alisema, akampa kile kitambaa. "Hii inatosha miti mbili. Chagua wewe ni gani."