Bega Lisiloguswa

Nineth Xicay ni mfupi, na sisemi hivyo kumkejeli. Kujua vimo vya watu ndiyo kazi yangu. Mimi, Amparo, ndiye ninayepima mabega ya wanawake wanaobeba sanamu ya Bikira kwenye maandamano ya kila Kwaresima hapa Antigua. Mabega ya kimo kimoja huwekwa pamoja chini ya anda, lile jukwaa zito la mbao analosimama Bikira. Ukimchanganya mfupi na warefu, mti wa kubebea unampita juu naye anatembea bure, huku wenzake wanakamuliwa.

Alipokuwa msichana, Nineth alitaka sana kubeba bega kwa bega na binamu zake, majitu yale ya kike. Siku ya kupimwa akaja na viatu vya soli nene, kavifunika kwa sketi ndefu. Siku ya maandamano akavaa vya kawaida, na mti ukaelea juu ya bega lake bila hata kumgusa. Siku hizo tulikuwa tunapima mara moja tu, basi akaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Akifika kona ya chemchemi, nyumbani kwao, anamtazama mama yake dirishani na kumchekea. Doña Tránsito, mama mtu, akawatangazia majirani kwamba bintiye ana nguvu za nyumbu, maana wengine wanapita wamekunja nyuso yeye anacheka.

Leo Nineth ni mtaalamu wa kompyuta katika kampuni moja ya kahawa. Miguu ya doña Tránsito imekufa, na kitanda chake kimesogezwa dirishani. Kwa mwaka mzima mama yule anangoja jambo moja: kumwona mwanawe akipita pale chini ya Bikira. Mwaka jana hakumwona. Ndio mwaka chama chetu cha wabebaji kilipoanza kugawa zamu za kubeba kwenye mtandao, na tovuti ikaanguka asubuhi ileile. Wanawake wengi walikosa, Nineth akiwa mmojawapo. Anda ikapita dirishani ikiwa mabegani mwa mabinti wa wengine.

Mwenyekiti wetu, don Estuardo, fundi mstaafu wa simu, akaapa kwamba tovuti ikianguka tena tunarudi kwenye foleni ya mlango wa kanisa, ile ya kukesha. Nineth angemwachia nani mama yake usiku kucha? Kwa hiyo alipoombwa aitengeneze tovuti, alijua anahangaikia nini. Nikamnong'oneza kwamba naweza kumwekea zamu ya kona ya chemchemi mapema, nani atajua? Akanikatalia kwa upole ulioniudhi.

"Ukiniwekea mimi, doña Amparo, mama anayeomba kutoka kule Chimaltenango nani atamwekea?"

Nikamwambia basi abaki na utakatifu wake. Lakini moyoni nilimpenda zaidi.

Tulikutana kwenye ofisi ya chama, ubavuni mwa kanisa, mimi, Nineth na don Estuardo, na chungu cha atole, ule uji wa mahindi, mezani. Nilikwenda nikiwa nimenuna, kwa sababu mambo ya mashine hunipa usingizi. Kumbe yalikuwa yaleyale ninayoyajua. Tuna seva tatu, yaani kompyuta zinazowahudumia wanaoomba zamu: mbili kuukuu tulizopewa na hoteli, na moja mpya. Mbele ya zote anakaa mgawaji, programu inayompokea kila anayekuja na kuamua aende seva ipi. Mwaka jana mgawaji aliambiwa ampeleke kila mtu kwenye seva yenye watu wachache. Ilionekana ni busara. Lakini seva moja kuukuu ilikuwa imekatika mawasiliano na ghala la zamu, mahali zamu zote zinapoandikwa, na kila aliyefika aliambiwa samahani na kufukuzwa papo hapo. Kwa kuwa ilifukuza haraka, muda wote ilikuwa na watu wachache. Basi mgawaji akazidi kuirundikia watu, karibu mji mzima.

Don Estuardo alitaka safari hii wagawiwe kwa zamu, mmoja huku, mmoja kule, mmoja pale. Nineth akasema hapo theluthi ya watu bado watafukuzwa, na zile kuukuu zitabeba sawa na mpya wakati hazina nguvu sawa. Mzee hakupenda.

"Binti, mashine zote zilikuwa hai. Niliziuliza mwenyewe. Zote zikasema zipo."

"Hata mimi nilisema nipo, don Estuardo," Nineth akajibu. "Miaka yote ile. Kamuulize mama."

Ndipo akatusimulia habari ya viatu. Mimi, niliyejigamba mji mzima kwa kamba yangu ya kupimia, nilikuwa nimechezewa na mtoto wa shule! Nilicheka mpaka atole ikanipalia. Yeye hakucheka. Alisema aliyekuwa anaonekana mwepesi kuliko wote chini ya anda ile ni yule asiyebeba kitu, na ndiye watu waliyemsifu. Kwa hiyo haitoshi kuiuliza seva kama ipo. Ipewe kazi: kila baada ya muda mfupi iandike zamu ya uongo ghalani kisha iifute. Ikishindwa, mgawaji asiipelekee mtu mpaka iweze. Seva mpya ipewe watu mara mbili ya kuukuu, na wagawiwe kwa kutazama uchache wa watu kama mwaka jana. Na fomu ambayo mtu hajaimaliza isikae kwenye seva moja, ikae ghalani, ili seva ikitolewa mwenyewe aendelee kwenye nyingine.

Don Estuardo si mjinga, na aliuliza swali la maana: ghala likiyumba kidogo, seva zote tatu zitashindwa jaribio kwa pamoja, na mgawaji atazitoa zote. Si itakuwa ametuua mwenyewe? Nineth akapiga kidole mezani, akakubali kwamba hilo hakuliwaza. Kesho yake akarudi na jibu: zikishindwa zote pamoja, mgawaji asitoe hata moja, maana hapo ugonjwa uko ghalani, si kwenye seva. Mzee akasema sawa, na safari hii alimmiminia atole kwa mkono wake.

Jumamosi ya kufungua zamu tulikaa ofisini macho kwenye kioo cha kompyuta. Haikuchukua muda, seva moja kuukuu ikageuka nyekundu. Imeshindwa kuandika. Mgawaji akaitoa, zikabaki mbili, na kila kitu kikaanza kwenda pole pole. Don Estuardo akanyoosha mkono airudishe.

"Inasema ipo! Tazama, inajibu!"

"Iache," Nineth akasema, bila kupaza sauti. "Hizi mbili zinaumia, lakini zinabeba."

Tukaiacha. Watu walingoja, walilaani nadhani, lakini hakuna aliyefukuzwa. Hata zamu zilipokwisha zote, tovuti ilikuwa bado imesimama. Don Estuardo akavua miwani, akapangusa macho, akasingizia uvumba. Mimi nikamtazama Nineth. Asubuhi yote alikuwa na mikono kwenye mashine za wengine, na zamu ya kona ya chemchemi ilikuwa imekwenda. Nikafungua kinywa nimgombeze.

Simu yake ikalia. Akaiweka kwa sauti ili tusikie wote.

"Kile kiduara cha kwenye simu kilizunguka, kikazunguka, nikadhani kimekufa," alisema doña Tránsito. "Halafu kikanirudisha palepale nilipoachia kuandika. Nimekupatia kona, mwanangu."

Alimwandikisha akiwa kitandani, kwa simu yake, kama mama mwingine yeyote. Kimo alichomwandikia kilikuwa kile cha viatu vya soli nene.

Nilimpima upya, akiwa na soksi tupu. Nikamweka chini ya mti unaomfaa, kati ya wafupi wenzake. Ijumaa ya maandamano, anda ilipofika kona ya chemchemi, nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nineth alipita mbele ya mama yake ameuma meno, shingo imemkaza, macho chini kwenye zulia la maua lililotandazwa barabarani. Hakuinua uso hata kidogo.

Jioni nilimpelekea doña Tránsito mkate wa asali. Nikamkuta amenuna.

"Mbona mwaka huu hakunitazama?" akaniuliza.

"Mwaka huu alikuwa amebeba," nikamwambia.