Gauni Chini ya Nta

Fundi Viraka hakuwa mtu wa batiki za maua. Kitambaa alikichora kwa nta ya moto, akakitumbukiza kwenye rangi, kisha akakitia adabu: akakichana kwa wembe, akakiunguza pembe, akakishonea waya, magunia, zipu mbovu na nguo za watu. Waliomcheka aliwajibu, "Maisha yenyewe viraka vitupu, mnataka nichore kipepeo?"

Asubuhi moja mdogo wake alikuja pua imevunjika, gauni lake jeupe limeganda damu kifuani. Mume huyo tena.

"Lichome moto, dada. Sitaki kuliona."

Dada mtu hakulichoma. Alilishona katikati ya batiki kubwa ya maonyesho, akalifunika doa kwa nta mbele na nyuma, maana penye nta rangi haipiti.

Lakini dunia haina siri. Kesho yake shemeji aliingia karakana kwa teke, mlango ukang'oka bawaba.

"Nani kakwambia uanike mambo ya nyumba yangu?"

Kofi la kwanza lilimtupa Fundi juu ya meza, la pili likampasua mdomo. Naye hakuwa wa kupigwa akanyamaza: alinyakua brashi ya nta ya moto akamchapa nayo shavuni. Shemeji alipiga ukelele, akalipiga teke jiko. Sufuria ilipinduka, nta ikammwagikia Fundi mguuni. Shemeji akamkamata nywele, akamburuta mpaka kwenye beseni la rangi nyeusi.

"Tumbukiza hilo gauni. La sivyo nikirudi nyumbani nammaliza mdogo wako."

Hatanii, Fundi alijua. Akaitumbukiza batiki yote, akaigeuza kwa fimbo hadi nta nayo ikavaa weusi. Shemeji alichungulia, akatema mate, akacheka.

"Kumbe dawa ya doa ni rahisi hivi!"

Bingwa wa ngumi, batiki haijui! Alipoondoka tu, Fundi alimtumia mdogo wake ujumbe aje upesi na asirudi kule. Kitambaa kilipokauka akakilaza kati ya magazeti, akapiga pasi huku akichechemea na kulia kwa maumivu. Magazeti yaliinywa nta pamoja na weusi uliokaa juu yake. Doa likatokea zima, na nyufa nyeusi nyembamba zimepita ndani yake.

Siku ya maonyesho shemeji alikuja kumfuata mkewe, suti imenyooshwa, plasta shavuni, soda mkononi, akicheka na wageni mlangoni. Batiki hajaiona bado. Mbele ya batiki hiyo alisimama mwalimu mmoja mstaafu, miwani puani.

"Hii kahawia ya kifuani umeipata kwa rangi gani, Fundi?"

Fundi alifungua kinywa, lakini mdogo wake alimtangulia, kwa sauti iliyofika hadi ukuta wa mwisho.

"Ni damu yangu, mwalimu. Na aliyeimwaga ni yule pale, mwenye soda."