Siku Niliyosema Kweli Mbele ya Boneti

Oili mpya ya injini ina harufu yake, na ukiniuliza inanukia nini sitakujibu vizuri. Ina utamu kidogo, ina ubichi, kama mafuta ya ufuta yaliyosahauliwa juani. Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka la vipuri Darajani, muuzaji akafungua dumu kunihakikishia kuwa mali yake si ya kuchakachua, na harufu ile ikanipanda puani. Akaniuliza gari yangu inatumia oili namba gani. Namba naijua tangu nina miaka kumi, lakini ulimi ulikataa. Nikamwambia nitarudi, nikaenda kukaa garini nikalia mchana kweupe, watu wakipita na vikapu vyao. Ninyi mnaonisoma nitawaambia sababu, maana hata mume wangu nimemwambia nusu tu.

Baba yangu alikuwa dereva wa watalii. Tulikaa Mkunazini, mjini Unguja, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni ulipita kwa kuomba radhi, kwa hiyo gari ililala mtaa wa Malindi, ubavuni mwa nyumba ya rafiki yake. Siku zisizo za shule tulikwenda kwa miguu baada ya chai kuijulia hali. Baba aliinua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, kisha akanipa mimi nikisome. Wanaume wa barazani walimtania kwamba anamharibu mtoto wa kike. Yeye aliniita Bibi Fundi mbele yao, makusudi, nami nilivimba kichwa. Nilikuwa mtoto wa kiherehere, sikatai.

Juu ya mfuniko wa oili paliandikwa 5W-30, na hiyo ndiyo namba ya kwanza niliyoijua kwa moyo baada ya ile ya mlango wetu. Mafundi wengi wa wakati ule waliicheka. Walisema oili nyepesi ni ya nchi za baridi, joto letu linataka oili nzito. Baba aliwajibu kuwa injini haina habari kama iko Unguja, inachojua ni jinsi ilivyotengenezwa. Mimi alinieleza kwa uji na asali. Injini ikiamka asubuhi ina kiu, alisema, na uji mwepesi hufika kooni upesi, lakini asali huja kwa maringo, na mpaka ifike vyuma vimeshasagana. Nzito waliitia watu wenye magari machovu, kwa kuwa hufunika mlio na kuzuia moshi kwa siku chache. Baba hakuwapenda watu hao. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema, na mimi nikalirudia neno hilo kila mahali, hata pasipohusika.

Mwaka ule mama akaanza kuumwa. Mwanzo alisema ni tumbo. Kisha akaacha kwenda jikoni, na shangazi yangu, Bi Mwanaisha, akahamia kwetu kupika. Nilipouliza niliambiwa mama kachoka. Sikuambiwa kwamba daktari amemtaka baba ampeleke mama hospitali kubwa ya bara kabla mwezi haujaisha, wala kwamba gari ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho cha kuuza. Nilisikia tu kuwa gari inauzwa, na nikanuna.

Na gari nayo, kana kwamba imeshauriana na mama, ilikuwa imeanza kuugua. Ilikuja kwetu imeshatumika miaka mingi Japani, sasa ikawa inakula oili, inagonga, na asubuhi inatoa moshi wa buluu. Siku moja kabla ya mnunuzi kuja, baba alinichukua mpaka gereji. Fundi alisikiliza injini, akatikisa kichwa, akasema namna ya kuinyamazisha ni moja tu. Baba alinituma nikanunue maji ya miwa, lakini nilichelewa makusudi nyuma ya mlango nikaona fundi akimimina oili nzito, inashuka polepole kama haina safari. Moshi ukakatika. Njiani nilimwambia baba kuwa ile si oili yake, na kwamba ni yeye aliyesema nzito ni ya kuficha maradhi. Akaniambia ninyamaze. Alikuwa hajapata kuninyamazisha kwa jambo la gari.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Kizimkazi aitwaye Mcha. Alitaka gari ya kuchukua wageni kutoka mjini kwenda kuwaona pomboo kwao, na alikuwa kauza ng'ombe wa mama yake kwa ajili hiyo. Alikuja na huyo mama. Bibi mdogo wa umbo, amevaa buibui, akapanda kiti cha nyuma akasema bismillahi, akakaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama gari imeshaanza kwenda. Baba aliwasha injini. Ilikuwa kimya, mpole, haina hata kikohozi. Mcha akatabasamu, akainua boneti, akaomba kuona oili.

Baba alikuwa bado ndani kwenye usukani. Kijiti nikakichomoa mimi, kwa madaha yangu yote, maana ilikuwa kazi yangu na kulikuwa na mgeni wa kumwonyesha. Nisidanganye kwamba nilimhurumia yule kijana au nilikuwa nikitetea haki. Nilitaka aone kuwa najua.

"Hii si oili yake," nikamwambia. "Gari hii inataka nyepesi. Hii nzito imetiwa jana."

Mcha akauliza, "Jana? Kwa nini?"

"Ili isitoe moshi."

Baba alizima injini. Alishuka, akasimama mbele yetu, na Mcha akamuuliza kwa adabu kama mtoto kasema kweli. Angeweza kucheka. Angeweza kusema huyu mtoto hajui kitu, na mimi ningekula kofi, na jioni ile tungekuwa na nauli, dawa na daktari. Alinitazama. Ni mtazamo ambao sijaweza kuuweka mahali pake mpaka leo.

"Kasema kweli," alisema.

Mcha aliishusha boneti taratibu, akaenda kumshusha mama yake. Yule bibi, alipoelezwa, alimwendea baba akamshika mkono akamwambia, "Umelea, mwanangu. Mungu akuhifadhie." Wakaondoka. Baba alibaki ameegemea gari mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, na tukarudi nyumbani. Nilimsikia akimwambia mama kwamba mnunuzi amepata gari nyingine.

Gari iliuzwa baada ya miezi miwili, kwa mtu aliyeitaka kwa vipuri. Baba alimvusha mama kwenda bara, akarudi naye baada ya siku tisa. Kule waliambiwa wangekuja mapema. Mama tulimzika makaburini Mwanakwerekwe siku ya mvua, au waliokwenda ndio walinambia ni siku ya mvua, maana mimi nilikuwa ndani na wanawake, na hapo ndipo nilipomsikia jirani mmoja akimweleza mwenzake gari iliuzwa kwa nini na kwa nini ilichelewa. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijumlisha mwenyewe.

Baba hakunipiga, hakunikaripia, hakunitaja. Baadaye alipata gari ya tajiri ya kuendesha, lakini hakuniita tena kwenda kuiona. Jina la Bibi Fundi sikulisikia tena. Nikizungumza naye alijibu akitazama mlango au mikono yake. Nikaelewa, kwa akili yangu ile, kwamba hataweza kunisamehe, na nikaona ana haki. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, na kila nilipokwenda kumwamkia alisema marahaba huku akitafuta kofia yake.

Baba alifariki mwaka jana. Siku ya tatu ya matanga nilimwambia shangazi, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba mimi ndiye niliyemuua mama na baba alilijua. Bi Mwanaisha aliweka chini kikombe chake.

"Nani kakwambia maneno hayo?" aliuliza. "Baba yako hakukukasirikia hata siku moja. Akinambia, 'Mtoto yule kaniona nikimdanganya mtu. Sina uso wa kumtazama.'"

Miaka ishirini na ushei. Mimi nikiinamisha macho kwa kudhani nimemuua mama, yeye akigeuza yake kwa kunionea haya, mimi, mtoto wake wa kumzaa. Na ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba leo nina watoto wawili, na kumponya mmoja wao ningetia oili nzito kwenye gari za Unguja nzima, nikaziuza na kuapa.

Siku ya mwisho ya baba nilimlisha supu hospitalini. Alimeza vijiko vitatu, akanitazama kidogo, akageuzia uso ukutani. Nikasema moyoni, hata leo hajanisamehe. Nilimfuta mdomo, nikaenda kuosha bakuli.