Picha za Afande zilikuwa zinaegemea: tulivyopima saa ya sound card, Jinja na Mbale

Wakuu, popote mlipo, nawasalimu. Haya nimeyaona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi. Mimi si injinia. Shule niliiacha darasa la sita, nikapita Busia, Tororo na Soroti, leo kupaka rangi nyumba, kesho kuuza chaja.

Sasa hivi nipo Jinja, pale Nalufenya, kwenye duka la Haji anayetengeneza redio. Haji ana leseni ya redio ya amateur, ya kurusha mawimbi kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Mimi sina, kwa hiyo huwa nasikiliza tu.

Haji ana rafiki yake wa miaka mingi, mwanajeshi mstaafu anayekaa Nkoma, Mbale. Sote tunamwita Afande. Kila Jumapili, Afande akitoka kanisani, wanatumiana picha kwa redio.

Kwa wasiojua: kompyuta inageuza picha kuwa sauti, redio inarusha ile milio, na kompyuta ya upande wa pili inaichora tena mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Hakuna internet, hakuna bando. Mara ya kwanza kuona nilisahau chai yangu ikapoa!

Basi, Afande alinunua laptop nyingine. Tangu siku hiyo picha zake zikaanza kulala. Kichwa kulia, miguu kushoto. Hata ukuta wa nyumba yake ulionekana unataka kuanguka.

Jumapili moja Haji akashindwa kujizuia. Akashika maiki:

"Afande, mbona unaegemea hivyo? Leo umepitia kwenye malwa? Over."

Wakuu, Afande aliacha pombe alipookoka. Ile malwa ya ulezi, mnazunguka chungu na mirija, ilikaribia kuvunja ndoa yake. Na masafa yale wanasikiliza watu wengi. Tulisikia mikwaruzo ya redio tu.

Jumapili iliyofuata, kimya. Na nyingine, kimya. Haji akawa anawasha redio, anaita, anazima. Nikamwambia nitaenda Mbale na laptop yake tupime ukweli.

"Peleka," akasema. "Akaone mwenyewe kwamba ubovu ni wake."

Afande alinipokea vizuri, lakini aliposikia jina la Haji uso ukabadilika.

"Mimi hapana kunywa tangu Yesu alinikamata. Na yeye kwangu pia anaegemea! Anaegemea kushoto. Mimi niliwahi kumuita mlevi?"

Hapo ndipo kichwa changu kilipowaka. Kumbe kila mmoja anamwona mwenzake amelala!

Nikamuuliza kama laptop yake ina saa sahihi. Akanionyesha kwa kidole ile saa ya pembeni ya kioo. "Inasoma kwa mtandao. Hapana kosea."

Wakuu, hapa ndipo wengi tunadanganyika. Ile saa ya kwenye kioo ni nyingine. Sound card, ile sehemu ya kompyuta inayoingiza na kutoa sauti, ina saa yake, kipande kidogo cha fuwele (crystal) kinachotetemeka ndani, na mtandao haukigusi kabisa. Kikikimbia au kikichelewa kidogo, kila mstari wa picha unasogea kidogo, na mwisho wa picha mtu mzima amelala.

Jioni tukatega redio kwenye masafa ya 10 MHz. Kuna kituo kinachogonga tik kila sekunde, na saa yake ni ya kuaminika. Tukagawa waya wa sauti, laptop zote mbili zikawa zinasikiliza redio moja. Nilikuwa na software inayochora kila sekunde kama mstari, mmoja chini ya mwingine. Saa ikiwa sawa, zile tik zinapangana wima kama nguzo ya umeme. Ikiwa si sawa, nguzo inainama.

Tukaanza na ya Haji. Nguzo ikainama.

Afande akaruka kwenye kiti. "Mama! Njoo uone! Haji ndiye mlevi!" Mkono tayari uko kwenye simu.

"Ngoja, Afande. Bado yako."

Tukafungua ya kwake. Nayo imeinama, tena upande wa pili.

Akaketi taratibu. Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, alicheka mpaka akaiweka chini.

Saa ya Afande ilikuwa inakimbia, ya Haji inachelewa. Kila moja ilikosea kama sekunde moja kwa karibu saa tatu, yaani ppm mia hivi, sehemu mia katika milioni. Kitu kidogo! Lakini makosa yao yalikuwa yanajumlishana, ndiyo maana picha ikaharibika vile.

Afande akakohoa. "Basi fanya hivi. Hiyo ya Haji, iweke ifuate yangu. Jeshini saa ya mkubwa ndiyo saa."

"Afande, nikifanya hivyo mtaonana wima ninyi wawili tu. Dunia nzima iliyobaki italala."

Akasukuma laptop yake kwangu. "Haya. Anza na ya mkubwa."

Nikaingiza marekebisho kwenye zote mbili, kila moja kwa kufuata zile tik. Tukarudia kupima. Nguzo mbili, zimenyooka! Nilipiga kelele, mbwa wa jirani akajibu.

Jumapili nilikuwa nimerudi dukani. Haji alijifanya anasafisha meza. Milio ikaanza. Mstari kwa mstari: paa, limenyooka. Mlango, umenyooka. Kisha Afande mwenyewe, suti ya kanisani, ameinua timazi ya fundi wa ujenzi. Kamba imeshuka wima kutoka mkononi hadi karibu na kiatu.

Haji aliitazama mpaka mstari wa mwisho. Akashika maiki.

"Afande, nimekuona. Umesimama. Nisamehe, bwana. Over."

"Nilikuwa nimesimama siku zote, Haji. Sasa tuma picha yako tukuone na wewe. Over."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: usipime kifaa chako kwa kifaa cha rafiki yako, maana huenda nyote mmeinama. Tafuta tik za kituo cha saa.

Wenye uzoefu nisahihisheni, hasa hili: laptop ikipata joto, kosa linabadilika? Na wewe mwenye laptop, pima uweke screenshot hapa. Yako inaegemea wapi?