Mbuzi wa Mkurugenzi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokalishwa mezani na kulishwa fufu, ugali wa muhogo, kama mtoto wa shule, mimi mwenye diploma mbili za sheria. Diploma hizo nilizipata Ubelgiji, nikijilipia kwa kuosha sahani hotelini. Hakuna mtu aliyenisukuma. Baadaye nikawa mwanasheria wa benki, na kesi zangu nilizishinda. Ndipo serikali ikanichukua niwe mkaguzi wa mabenki na koperative za akiba, nikarudi hapa Goma na suti iliyofanya mtaa mzima wa Birere ugeuke kutazama.

Koperative ya kwanza niliyotumwa kukagua ilitunza akiba za mama zetu wauza samaki wa soko la Kituku, mtaa niliokulia. Mkurugenzi wake tulikuwa tumefanya naye kazi benki. Alinipigia simu: njoo, nimekuchinjia mbuzi. Nikamsimulia mjomba wangu, Papa Kambale, mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo niliyekuwa nikilala kwake hapa Goma. Nilidhani atafurahi.

"Hiyo mbuzi wanaichinjia wewe, ama wanaichinjia kalamu yako?"

"Lakini Papa, kukataa chakula cha mutu si ni kumutukana?"

"Ndiyo. Sasa utaenda mwenye kushiba." Akamwita mkewe: "Mama, leta fufu na samaki ya sambaza! Huyu mukubwa atakula mpaka mukaba wa suruali umulilie."

Nilikula. Kwa mkurugenzi harufu ya mbuzi ilikupokea toka barabarani. Nikashika tumbo, nikasema, bila kudanganya, kwamba halina nafasi. Akacheka sana. Aliacha kucheka nilipouliza juu ya mikopo mikubwa aliyowapa shemeji zake bila dhamana yoyote. Nilimpa muda irudi yote, la sivyo leseni inaondoka.

"Wewe, mutoto wa Kituku, utanifungia mulango?"

"Mulango ni wa bamama, ndugu yangu."

Jibu hilo bado linanifurahisha, sitaficha.

Alininunia, lakini alifanya kazi. Shemeji mmoja aliuza lori, mwingine kiwanja, na mikopo ikarudi. Akiba za mama zetu zikapona, na leo koperative hiyo ina jengo lake la ghorofa. Mimi niliendelea kukagua hadi kustaafu, na sikuwahi kwenda kazini na njaa.

Nilipostaafu tu, simu ikalia. Alikuwa yeye. "Sasa hauna tena sababu ya kushiba," akasema. Nikaenda. Nikala sahani mbili za mbuzi, na mifupa nikaitafuna.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kazi ya kulinda mali ya watu, kula kwanza nyumbani kwako. Aliyeshiba kwake hukataa kwa upole, bila ugomvi. Rafiki wa kweli atakungoja mpaka uweke kalamu chini, na mbuzi wake utamla kwa raha. Soma sana, unipite hata mimi ukiweza, ingawa haitakuwa rahisi. Mungu asikupunguzie chakula nyumbani, na kila utakapokaribishwa kwa hila, akujalie uwe umeshiba.