Mbuzi Wawili wa Ekitela

Ekitela, fundi wa kuchomelea mageti pale mtaa wa Kiwanjani, alikuwa na mstari mmoja wa Biblia aliouamini kwa moyo wote: ule unaomtuma mvivu akajifunze kwa mdudu chungu. Aliusoma kwa kila aliyeketi kivulini mbele ya karakana yake, hata kwa mzee wa kanisa aliyekuwa akisubiri lori tu. Mistari mingine aliiacha ijitafutie watu wake.

Kazi ilimpa mali, sikatai. Alikuwa na nyumba ya mawe, zizi la mbuzi, na geti zito kuliko yote mtaani, lenye makufuli matatu. Mke hakuwa naye, maana kila siku ya kuposa iliangukia siku ya kazi. Alikuwa na dada mmoja, Akuam, aliyeolewa Ngaremara. Siku wazee walipoleta mahari yake, kaka huyu wa pekee alikuwa juu ya ngazi akimalizia geti la mteja, na mahari ikapokelewa na jirani. Miaka sita Akuam hakumsemesha, na ukiniuliza mimi, alikuwa na haki.

Jumapili moja katekista Lobokat akasoma habari za mtu aliye peke yake, asiye na mwana wala ndugu, anayefanya kazi bila kikomo wala hajiulizi anamchumia nani. Hakutaja jina. Walioketi mbele waligeuka wote wakamtazama Ekitela.

Alitoka kanisani amefura. Jumamosi angechinja mbuzi, aalike mtaa mzima, tuone nani ataitwa mpweke! Isitoshe, kwa Waturkana wenzake mwanamume anayekula nyama peke yake hana tofauti na fisi. Basi Jumamosi ilipofika alichinja kama afanyavyo kila kitu: haraka, peke yake, bila kuuliza mtu. Saa mbili asubuhi nyama ilikuwa motoni na geti liko wazi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mumina, jirani yake Mborana anayeuza maziwa.

“Salaam aleikum. Ekitela, wewe ni mgonjwa?”

“Niko sawa, mama. Karibu nyama.”

“Daktari amekuambia nini?”

“Mama, ni nyama tu!”

“Haya. Nani amechinja?”

“Mimi mwenyewe.”

Mumina alimtazama kwa huruma. “Sasa sisi tutakula aje? Si ungeita Isacko? Hapa kila mtu huita Isacko.”

Ni kweli. Mtaani pale, Mkristo akitaka majirani Waislamu wale kwake, humwita Mwislamu amchinjie. Ekitela aliishi hapo miaka kumi na miwili asilijue hilo, kwa kuwa hakuwahi kumlisha mtu. Majirani waliingia, wakauliza swali lilelile, wakamtakia heri, wakatoka. Watu wa kanisa nao, alipowapigia, walidhani anatafuta vibarua, wakazima simu.

Akabaki na mbuzi mzima. Moyo ulimuuma kweli, na hapo mimi sicheki. Akapiga simu Ngaremara.

“Akuam, ni mimi.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna. Nimechinja mbuzi, na sina mtu wa kula na mimi.”

“Na kazi?”

“Nimefunga.”

“Funga tena, nisikie.”

Ikabidi aende na simu mpaka karakana, afungue mlango wa bati, aubamize. Akuam akamwambia aubamize mara ya pili.

Alipokata simu, Ekitela alikwenda mwenyewe kwa Isacko, kofia mkononi, akamwomba achinje mbuzi wa pili. Mchana Akuam akafika na mumewe, watoto wanne, na mama mkwe aliyeulizia maini kabla ya kuketi. Mioto ikawa miwili, majirani wakarudi, Mumina akapika chai ya maziwa. Lakini Akuam alikula akiwa amemgeuzia kaka yake mgongo.

Mara simu ya Ekitela ikalia. Alikuwa mteja, akipiga kelele mpaka kila mtu akamsikia: geti lake liko wapi? Watu wakaacha kutafuna. Akuam akageuka.

“Leo siwezi,” alisema Ekitela.

“Kwani uko na kazi gani?”

“Niko na watu.”

Akaizima. Akuam akachagua ubavu ulionona, akampa kaka yake mkononi, na kumwambia aule polepole.